Kabla Hujalipa Ada: Kuchagua Mafunzo ya Kuvisha Magari Stika

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa



Kamati iliniomba niseme juu ya kazi ninayoifanya, nami niliomba ruhusa nisiseme sana juu ya kazi yenyewe bali juu ya jambo linalotangulia kazi, yaani namna kijana anavyochagua mahali pa kujifunza. Nimeomba hivyo kwa sababu kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka, huja kwangu vijana na wazazi kutoka Lindi mjini, Mchinga, Kilwa Masoko na Kivinje, wakiwa na swali lile lile: "Fundi, tumesikia kuna kozi ya kupiga stika magari. Tulipe au tusilipe?" Hilo ni swali la fedha ya familia, nalo halijibiwi kwa neno moja.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Simama asubuhi pale Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa, utazame magari yanayopita kati ya Dar es Salaam na Mtwara. Utaona basi lenye jina la kampuni ubavuni, lori lenye vipande vinavyoakisi mwanga nyuma, gari la mradi lenye nembo mlangoni, na bajaji iliyopambwa maneno ya mwenyewe. Zamani karibu yote hayo yaliandikwa kwa brashi na rangi. Leo sehemu kubwa hukatwa au kuchapwa kwa mashine juu ya plastiki nyembamba yenye gundi, ambayo mitaani tunaiita stika na kitaalamu huitwa vinili. Ukiifunika bodi yote ya gari kwa vinili, hata likaonekana limepakwa rangi nyingine, hapo umelivisha gari. Basi ndani ya kazi hii mna kazi nne au tano: kuandika, kuweka mistari, kubandika matangazo, kubandika vipande vya kuakisi mwanga, na kuvisha gari zima. Anayetaka kujifunza ajiulize kwanza anataka ipi.

Najua kuna wazee humu wanaojiuliza moyoni: je, tumesomesha watoto miaka minne ya sekondari ili wakabandike stika? Ninawaheshimu wazee wangu, lakini naomba nilijibu hilo kwa masomo yale yale yanayofundishwa hapa.

Hesabu: karatasi ya vinili ya kuvisha magari huja katika roli yenye upana wa mita 1.52. Mteja amekuletea gari lenye ubavu wa mita 5 kwa kimo cha mita 1.4. Ubavu mmoja una mita za mraba 7, na mbavu mbili 14. Lakini utakata mita 10 za roli, ambazo ni mita za mraba 15.2, na bado hujaongeza ile ziada ya kushikia na kukunjia pembeni. Fundi anayetoza kwa mita 14 anamlipia mteja tofauti hiyo kutoka mfukoni mwake. Tena ukichora mchoro kwa kipimo cha 1 kwa 10, kosa la milimita moja mezani ni kosa la sentimita moja juu ya gari.

Fizikia na kemia: plastiki iliyovutwa hutaka kurudi ilivyokuwa. Ukiivuta ndani ya bonde la bampa na kuiacha hivyo, baada ya siku chache itanyanyuka. Ndiyo maana fundi humaliza kwa kupuliza hewa ya moto sehemu zilizovutwa mpaka zifike karibu nyuzi 100 za Sentigredi au zaidi kidogo, kwa kadiri mtengenezaji alivyoagiza, na huthibitisha kwa kipimajoto, si kwa kidole. Na Kiingereza: kila aina ya vinili ina karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, na asiyeweza kuisoma atakuwa anabahatisha. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka elimu ya darasani na kazi ya mikono visitengane. Katika karakana yangu havitengani hata kwa saa moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kozi nyingi hulipita haraka, nalo ndilo linalotofautisha fundi na mbandikaji. Vinili si ya aina moja. Iko iliyotengenezwa kwa kukandamizwa kati ya magurudumu ya moto mpaka ikawa karatasi. Hiyo ni nene kidogo, ni rahisi, hufaa juu ya sehemu bapa, na hupenda kusinyaa. Iko na iliyotengenezwa kwa kumiminwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa. Hiyo ni nyembamba, yapata maikroni 50, hukubali kufuata mikunjo ya bodi, na hudumu zaidi. Kwa macho ya mteja zote mbili zinang'aa sawasawa siku ya kwanza. Tofauti huonekana baadaye, na huonekana mapema zaidi kwetu kuliko kwa nchi za baridi, kwa maana jua la pwani hii halina huruma na boneti na paa la gari. Watengenezaji wenyewe hufupisha muda wa dhamana yao kwa nchi zenye jua kali na kwa sehemu zinazotazama juu. Kwa hiyo mwalimu akikwambia stika fulani "inakaa miaka saba" bila kusema wapi na juu ya sehemu gani ya gari, jua kwamba anasoma tangazo la dukani.

Kisha kuna chumvi. Gari linalolala Kilwa Masoko au ufukweni Lindi huamka na chumvi isiyoonekana juu ya bodi. Ukibandika juu yake, gundi inashika chumvi, haishiki gari. Wazee wetu waunda majahazi walilijua hili zamani: hakuna fundi aliyepaka deheni juu ya ubao ambao haujakwanguliwa na kukauka. Sisi tunaosha kwa sabuni, tunakausha hata kwenye maungio ya milango, kisha tunapangusa kwa spiriti na vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kimoja cha kukaushia. Rangi iliyopakwa juzi nayo ingojewe ikomae, maana bado inatoa mvuke, na mvuke huo utainua vinili kwa mapovu. Palipo na kutu hapabandikwi kabisa. Na saa sita mchana, bati likiwa la moto kiasi cha kutogusika, gundi hushika kabla hujanyoosha; kazi ifanywe kivulini, mahali pasipopeperusha vumbi la kusi.

Baada ya hayo, tuangalie njia zilizopo za kujifunza. Mimi nazijua tatu.

Njia ya kwanza ni kozi fupi. Hizi huchukua siku tatu hadi wiki moja, na huendeshwa na wauzaji wa vinili au karakana za mijini, Dar es Salaam, Nairobi, hata Dubai. Kampuni kubwa za kutengeneza vinili, kama 3M na Avery Dennison, zina mafunzo na mitihani yao ya kuwatambua wabandikaji. Lakini mitihani hiyo ya kimataifa imewekwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufanya kazi. Humpima fundi na kumnoa, haimfanyi asiyejua kuwa fundi. Kozi fupi kwa aliyeshika kisu mwaka mzima ni dhahabu. Kwa ambaye hajawahi kukishika, ni safari ya kutazama mji.

Njia ya pili ni chuo cha ufundi stadi. Tangu sheria ya 1994 iliyoiunda VETA, na kabla yake ile ya 1974, nchi yetu imekuwa na utaratibu wa kufundisha ufundi na kutoa vyeti vinavyotambulika kote. Zamani tulizoea kusema Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza. Sasa ni tuzo za ngazi ya I, II na III. Hutakuta kila mahali kozi iliyoandikwa "kuvisha magari", lakini fani za jirani zipo: upakaji rangi na uandishi wa mabango, na ukarabati wa bodi za magari. Si kila chuo kina kila fani, hivyo nenda kwenye chuo cha VETA hapa Lindi uulize kinafundisha nini mwaka huu, na kisipokuwa nayo uelekezwe iliko. Kijana aliyejifunza kufungua mlango wa gari, kutoa taa na kurudisha bampa bila kuvunja vishikizo, ameshajifunza nusu ya kuvisha gari. Hasara ya njia hii ni muda wake mrefu. Faida ni kwamba stika zikikosa soko, bado una ufundi mkononi.

Njia ya tatu ni ya kukaa na fundi. Tusiidharau. Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na alifariki 1972. Katika miaka hiyo michache aliwafundisha vijana wachache, wengi wao jamaa zake, waliokaa karibu naye wakiutazama mkono wake. Hao ndio walioendeleza kazi mpaka jina lake likawa jina la mtindo mzima unaojulikana duniani. Hawakuhitimu chuo, walihitimu kwa mkono. Na leo aliyejifunza kwa njia hii hafungiwi mlango wa cheti, kwa kuwa VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Ubaya wake ni kwamba fundi mwingine humgeuza mwanafunzi kuwa mfagiaji na mpika chai, miaka ikapita. Dawa yake ni mapatano yaliyoandikwa: utafundishwa nini, kwa miezi mingapi, na lini utaanza kulipwa.

Naomba nitoe mfano mmoja. Msimu mmoja wa ufuta, mzee mmoja kutoka vijiji vya nyuma ya Kivinje alinijia na mwanawe. Alikuwa ameuza ufuta mnadani, fedha ilikuwa imeingia, na kijana alikuwa ameona tangazo la kozi ya siku tatu mjini, na cheti juu. Ada ilikuwa inakaribia kumaliza sehemu ya fedha iliyotengwa kwa kijana huyo, na nyuma yake wako wadogo zake wawili wanaosoma. Mzee akaniambia, "Fundi, mimi sijui stika. Najua tu kwamba ufuta huu haurudi shambani ukishauzwa."

Sikumwambia alipe wala asilipe. Tulikaa barazani, tukaandika maswali, kijana akapiga simu mbele yetu. Aliuliza: darasa litakuwa na watu wangapi na magari mangapi? Akajibiwa watu kumi na wawili, gari moja. Aliuliza: mimi nitavisha sehemu gani kwa mkono wangu mwenyewe? Akajibiwa kwamba mwalimu ataonyesha, na wanafunzi watapeana zamu kwenye mlango. Aliuliza: nikikosea, kuna vinili ya kurudia? Akaambiwa vinili ya ziada hununuliwa. Aliuliza: tutafundishwa kutoa stika ya zamani na gundi yake? Hapo mtu wa upande wa pili alicheka, akasema hiyo si sehemu ya kozi.

Mzee alisikiliza yote. Kisha akasema, "Mwanangu, hapo unanunua karatasi." Kijana aliumia, nami nilimwonea huruma, maana alikuwa amekwisha kuwaaga rafiki zake. Walikubaliana akae miezi sita na fundi wa kuandika magari kwa mapatano ya maandishi, na fedha ya kozi ibaki akiba. Katika miezi hiyo alibandika namba za ubavuni, majina ya maduka, vipande vya kuakisi mwanga, na alitoa stika nyingi za zamani kuliko alizobandika mpya. Baadaye alikwenda kozi fupi nyingine, akiwa na maswali yake mfukoni, akarudi ameongeza kitu. Leo si tajiri. Lakini anafanya kazi, wadogo zake hawakukatishwa masomo, na gari likitoka mkononi mwake halirudi likiwa limechubuka rangi.

Vijana, maswali yale yaandikeni. Mnaweza kuongeza mengine matatu. Je, mwalimu mwenyewe anafanya kazi hii sasa, na ninaweza kuona gari alilolivisha mwaka mmoja uliopita, si lile la jana? Je, nitafundishwa kukata bila kuchana rangi ya gari? Uko utepe wenye uzi ndani yake, ambao hukata vinili bila kisu kugusa bodi, na kozi isiyoutaja imebaki nyuma. Je, cheti hiki kinatolewa na nani, na nikikipeleka VETA au kwa mwajiri atakitambua?

Kisha lipo swali ambalo huwezi kumwuliza mwalimu, bali ulijibu mwenyewe: mteja wangu atakuwa nani? Anayejifunzia Dubai atafundishwa kuvisha magari ya kifahari rangi ya dhahabu. Akirudi Kilwa atakuta bajaji, daladala, pikipiki za bodaboda, malori ya chumvi na korosho, magari ya halmashauri, mabango ya nyumba za wageni wanaopokea watalii wa Kisiwani, na boti. Hata bandari ya uvuvi iliyowekewa jiwe la msingi Kilwa Masoko mwaka 2023 italeta magari ya baridi ya kubebea samaki, nayo yanataka majina. Kazi ipo, lakini ni ya maandishi na nembo kwanza, na ya kuvisha gari zima mara chache. Jifunze kwa mpangilio huo huo. Na ufundi uwe pamoja na akiba ya vifaa: mwezi Mei 2024, mvua zilizofuatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu upande wa Kilwa, roli haikuweza kuja kutoka Dar es Salaam kwa sababu tu mteja ana haraka.

Tusisahau sheria. Kadi ya gari huandikwa rangi yake. Mwenye gari akibadilisha rangi anapaswa kutoa taarifa ili kumbukumbu zirekebishwe, na fundi mwaminifu humwambia kabla ya kukata roli. Daladala zina mistari ya njia zinayotakiwa na LATRA, na mistari hiyo haifunikwi kwa picha ya mchezaji mpira. Namba, taa na kioo cha dereva haviguswi. Majirani zetu wa Kenya wametuonyesha jinsi kazi hii inavyofuata amri: kanuni za Waziri John Michuki za 2004 ziliitaka kila matatu iwe na mstari wa njano, na mapambo yakafifia; mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wapambe, na karakana zikachangamka tena. Mwenye ufundi mmoja tu alilala njaa katikati ya miaka hiyo. Mwenye mawili alingoja akiwa ameshiba.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kumaliza kwa kuwashauri vijana peke yao. Sisi wa zamani tuna deni. Tuko humu wenye karakana, wenye mabasi, wenye maduka. Ninaomba mambo mawili. La kwanza, kila mwenye karakana achukue kijana mmoja wa shule hii wakati wa likizo, amwache ashike kazi kwa mikono yake, ili ajue kama anaipenda kabla mzazi hajatoa shilingi. La pili, milango na boneti za magari mabovu zinazooza nyuma ya gereji zetu zije hapa shuleni. Boneti moja ya zamani, mabaki ya vinili yanayotupwa, na maji ya sabuni, yanatosha kumfundisha kijana kuondoa povu la hewa bila kuitoboa stika. Mimi nitaleta boneti mbili na milango mitatu kabla muhula haujafunguliwa, na nitakuja Jumamosi ya kwanza kuonyesha namna ya kuviosha.

Na ninyi vijana, mkiona tangazo lenye cheti kikubwa na siku chache, msilikimbilie wala msilitukane. Ulizeni. Atakayekujibu kwa subira huenda akakufundisha. Atakayeudhika kwa maswali yako amekwisha kukupa somo, na hukulipa ada.